Wahakiki na Majina ya Kiswahili katika Senema ya The Lion King

Senema ya katuni iitwayo The Lion King ilianza kuonyeshwa huko Marekani katika mwezi wa Juni, 1994. Iliongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff kwa kampuni ya Disney, nayo ilikusudiwa kutazamwa na wazazi pamoja na watoto wao. Hadithi yake ni ya mwana wa mfalme wa simba anayefiwa na baba yake kwa hila za ami yake, akakimbilia ugenini, kisha akarudi kudai haki yake. Baada ya senema yakafuata mavazi, vitabu na vichezeo vya kila namna, hata majina ya wanyama hao yakawa vinywani mwa watoto wa nchi nyingi. Majina hayo, mengi yao, ni ya Kiswahili. Makala haya yaeleza jinsi wahakiki walivyoipokea senema hiyo, na jambo moja ambalo wengi wao walilipita bila kulitazama, yaani maana ya majina yenyewe.

Sifa ndizo zilizotangulia. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliipa nyota tatu na nusu katika nne, akaihusisha hadithi yake na Hamlet ya Shakespeare. Muziki ulisifiwa sana, nao ulipata tuzo mbili za Oscar. Lawama nazo hazikukosekana. Wapenzi wa katuni za Kijapani walidai kwamba senema hiyo ilifanana mno na hadithi ya simba mweupe ya Osamu Tezuka, jambo ambalo Disney ililikana. Mwanasaikolojia Carolyn Newberger aliandika katika gazeti la Boston Globe kwamba fisi wa senema hiyo wamefananishwa na watu weusi wa mijini Marekani. Fisi wawili walisemewa na Whoopi Goldberg na Cheech Marin, mmoja Mmarekani mweusi na mwingine mwenye asili ya Meksiko. Basi shutuma hiyo haikuwa bila msingi.

Lakini wahakiki hao walisikiliza sauti tu. Hawakuuliza fisi wanaitwaje, wala kwa lugha ya nani.

Watengenezaji wa senema walizuru Kenya mwaka wa 1991 ili kutazama nchi na wanyama wake, na Kiswahili ndicho kilichowapa majina. Simba ni jina la mnyama mwenyewe. Rafiki halihitaji maelezo. Sarabi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mazigazi. Pumbaa ni shina la kitenzi kupumbaa, na shina tupu katika Kiswahili ni amri. Kwa hiyo aitwaye hivyo ni kama anaamriwa apumbae. Mengine si ya lugha hii: Banzai ni ukelele wa Kijapani, Timon ni jina la Kiyunani, na Nala, ambalo orodha za majina ya watoto za ng'ambo hudai kuwa ni "zawadi" kwa Kiswahili, halina maana hiyo katika lugha yetu. Wimbo wa mwanzo nao waanza kwa Kizulu. Mtazamaji asiyejua atadhani kwamba hayo yote ni lugha moja iitwayo "Kiafrika".

Jina lililo zito kuliko yote ni la fisi jike, Shenzi. Katika mji wa pwani wa zamani, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini ya mji wala adabu zake. Kinyume chake ni mstaarabu. Neno hilo lilipanga watu kwa mahali watokako, na katika zama za misafara lilimwandama mtu wa bara mpaka kwao. Baadaye wakoloni wakalichukua. Tazama umbo lake: kwa sarufi, hata mnyama hupatanishwa kama mtu, ndiyo maana twasema fisi mkubwa, simba mzee; basi ingepasa kusemwa fisi mshenzi. "Shenzi" tupu, bila kiambishi cha m-, ndilo tusi lililozoeleka katika Kiswahili cha walowezi, kilichoitwa Kisetla, bwana alipomkemea mtumishi wake. Kwa hiyo lile ambalo Newberger alilihisi katika sauti, jina lilikuwa limekwisha litamka waziwazi. Fisi amekaa nje ya mipaka, naye anaitwa kwa neno lililowatenga wakaao nje ya mipaka.

Jambo hili laonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka bara kuliko kutoka pwani. Chukua mfano wa Sola, katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Huko Kisukuma ndicho lugha ya nyumbani, na simba huitwa shimba, neno la asili moja na lile la Kiswahili. Shimba ni jina la watu pia, nalo ni jina la heshima. Mtoto wa Sola akiitazama senema hiyo hukuta majina mawili yanayomhusu: la kwanza ni ndugu wa neno la babu zake, na la pili ni neno ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara. La kwanza amepewa mfalme, la pili adui.

Ubishi juu ya maneno yenyewe ulizuka baada ya miaka 24, tena kwa sababu ya biashara. Disney ilikuwa imeomba mwaka wa 1994 kuandikishiwa "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara huko Marekani, ikakubaliwa mwaka wa 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwaka wa 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, alianzisha ombi la kuipinga alama hiyo, likatiwa sahihi na watu zaidi ya 100,000. Alama kama hiyo haimzuii mtu kusema, inahusu bidhaa tu. Hata hivyo msemo huo ni wa umma. Mwaka wa 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imekwisha kuueneza kwa wimbo wake Jambo Bwana, ijapokuwa Mtanzania huzoea zaidi kusema hakuna shida au hamna taabu.

Senema ilipotengenezwa upya na Jon Favreau mwaka wa 2019, wahakiki waligawanyika. Walistaajabia picha zilizofanana na wanyama wa kweli, lakini wengi walilalamika kwamba nyuso hizo hazionyeshi furaha wala huzuni. Jina la Shenzi likabaki, safari hii likisemewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Banzai na mwenzake Ed waliondolewa, wakaja Azizi na Kamari. Azizi ni mpenzi, mtu wa thamani. Kamari ni mchezo wa kubahatisha fedha. Wahakiki wakajadili manyoya ya simba, na kamari ikapita kimya.

Haifai kuwalaumu wahakiki wa Marekani kwa kutojua Kiswahili. Aliyekijua ndiye aliyepaswa kusema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka wa 1967. Vyombo vya kuhakiki lugha vilikuwepo tangu kabla ya senema hiyo. Lililobaki ni kuzihesabu katuni na vichezeo vya watoto kuwa matini zistahilizo uchunguzi sawa na tenzi na riwaya: jina lapimwa umbo lake, historia yake, na nani aliyewahi kuitwa hivyo. Lisipopimwa hapa, litaelezwa na orodha za majina za ng'ambo, na mtoto wa Sola atafundishwa kwamba Nala ni zawadi.