Karatasi Inayoletwa Wakati wa Eda

Maiti amezikwa, hitima imesomwa, na mjane yumo katika eda yake ya miezi 4 na siku 10. Ndipo huletwa karatasi. Mletaji huwa ni jamaa wa karibu, naye husema kwa upole, "Tia sahihi hapa, shemeji, ni mambo ya korti tu." Karatasi hiyo huwa na maneno machache ambayo kila mwanamke wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi yafaa ayajue kabla ya kushika kalamu.

Neno la kwanza ni msimamizi wa mirathi. Huyu ni mtu aliyepewa na mahakama idhini ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia warithi haki zao. Msimamizi si mmiliki. Mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, lakini kazi ya usimamizi nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Chini ya sheria hiyo msimamizi haruhusiwi kuuza shamba wala nyumba kabla idhini yake haijathibitishwa na mahakama, jambo ambalo kwa kawaida hungoja miezi 6. Na asiye na idhini kabisa, akigusa mali ya marehemu kana kwamba ni yake, ametenda kosa la jinai, hata akiwa kifungua mimba.

Neno la pili, nalo ndilo lenye hatari zaidi, ni ridhaa. Kuna ridhaa ya kukubali fulani awe msimamizi. Hiyo haikupunguzii kitu katika fungu lako. Kuna ridhaa ya kuiachia haki yako, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Karatasi mbili hizi zaweza kufanana kwa sura, zote zikiwa na mihuri na jina lako chini. Uliza: je, nakubali mtu, au naacha mali? Iko pia ridhaa ya tatu: Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 yampa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye.

Tereka ni yote aliyoyaacha marehemu. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja, ndipo warithi wagawane. Mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha; wake wakiwa wengi hushirikiana fungu hilo. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni, basi hutangulia mgawo. Wajane wengi huona haya kuyadai, nasi hatuoni haya hiyo yatoka wapi. Na kwetu, ambako mtu aweza kumiliki nyumba bila ardhi iliyo chini yake, kinachorithiwa ni nyumba. Kiwanja hubaki kwa mwenyewe.

Mwisho kuna hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mwombaji ameyaapia kuwa ni kweli. Hapa tazama orodha ya warithi. Hesabu watoto wote, wa kike na wa kiume, wa kila mke. Ikiwa binti aliyeolewa Lamu ameachwa nje, au mke mdogo hakutajwa, aliyesahauliwa aweza kuweka pingamizi kabla idhini haijatolewa. Ikiwa imekwisha kutolewa, aweza kuiomba mahakama iibatilishe kwa sababu ukweli ulifichwa.

Basi usitie sahihi siku ile ile. Omba nakala, andika nambari ya kesi, kisha umtume mtu unayemwamini aende masjala ya korti akaulize karatasi hiyo yaomba nini.