Siku tuliyofanya vidanje sisi wenyewe

Siku ya posho iliyopita likelemba yetu ilimalizika haraka. Baada ya kuhesabu feza na kuandika katika daftari, tulivua vitenge vizuri, tukavaa vile vya kazi, tukaenda nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kikundi chetu. Huko kuko shimo lililojengwa kwa matofali. Marehemu bwana yake, aliyekuwa shofa wa malori, alilichimba ili aweze kuingia chini ya motokari na kuitengeneza. Siku hiyo tuliingia sisi. Tulikuwa mama sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufanya vidanje.

Hatuandiki habari hii ili kujisifu. Tunaiandika kwa sababu ya kitu tulichokikuta chini ya motokari ile.

Taa nyekundu

Mama huyu ni mjane tangu mwezi wa 12. Bwana yake alimwachia watoto wanne na Toyota ndogo yenye usukani wa kuume, iliyotoka Japani ikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, kama nyingi tunazoziona hapa Lubumbashi. Motokari hiyo ndiyo shamba lake. Asubuhi inapeleka watoto wa majirani masomoni na wazazi wanalipa kila mwezi. Siku ya posho inabeba unga wa kikundi chetu. Na wawili kati yetu walipofika saa ya kuzaa usiku wa manane, ndiyo iliyowapeleka.

Mwezi wa 5 aliipeleka kwenye garaje moja ya mjini kwa vidanje. Alipewa karatasi iliyoandikwa: mafuta ya moteri lita 4, filtri mpya, kazi ya mikono. Alilipa karibu bei ya mfuko wa unga wa kilo 25, akarudi nyumbani akiwa na moyo mtulivu.

Mwezi wa 8, akirudi kutoka upande wa Kasapa, mtoto wake akamwambia: “Mama, birika inawaka.” Ilikuwa taa nyekundu yenye alama ya kopo lenye mdomo mrefu na tone linalodondoka. Mwanzoni ilikuwa inawaka akikata kona, barabara ikinyooka inazima. Kisha ikawaka na kubaki. Mama akasimama kando ya barabara, akazima moteri, akapiga simu. Akina mama, kule kusimama ndiko kulikookoa moteri. Taa hiyo ikiwaka haisemi “fika nyumbani kwanza.” Inasema mafuta hayapandi tena ndani ya moteri. Ukiendelea hata kwa dakika chache, vyuma vinakulana.

Kijana wa mmoja wetu, anayesoma mekanike, alifika na bidoni ya mafuta. Alivuta kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Ncha ilikuwa kavu. Aliongeza lita mbili, wakarudi polepole.

Kesho yake alishuka katika shimo na tochi. Akamwita mama. Juu ya filtri, ile ambayo karatasi ilisema ni mpya, kulikuwa maandishi meupe: 10/11, na chini yake 142 300. Mama akatazama, akanyamaza, kisha akasema: “Huu ni mkono wa Muzee wangu.”

Bwana yake alikuwa na desturi ya kuandika tarehe na kilometa juu ya kila filtri aliyoweka mwenyewe. Hiyo ilikuwa ya mwisho aliyoiweka. Kilometa za motokari siku hiyo zilikuwa 151 400. Kwa hiyo filtri ilikuwa imetembea zaidi ya kilometa 9 000, na hakuna mtu aliyeigusa mwezi wa 5. Na mafuta? Mkaamue ninyi wenyewe.

Tulirudi kwenye garaje ile tukiwa watatu, na karatasi mkononi. Mwenye garaje alisema kijana aliyefanya kazi hiyo ameacha. Alirudisha nusu ya feza. Hatutataja jina la garaje, na mafundi wengi wa mji huu ni watu wa haki. Lakini njiani tulijiuliza: nani kati yetu angeweza kujua? Sokoni tunajua mawese yaliyochanganywa na maji. Tunajua kipimo cha unga ambacho chini yake kimegongwa ili kipunguze. Lakini kapo ya motokari ikifunguliwa, sisi wote tunatazama upande mwingine na kusema: hiyo ni kazi ya wanaume.

Mafuta yanafanya nini ndani ya moteri

Tusichanganye: esansi inaungua ili motokari itembee. Mafuta ya moteri hayaunguzwi, yanazunguka. Yanateleza kati ya vyuma ili visikwaruzane, yanabeba sehemu ya joto, yanazuia kutu, na yanaokota uchafu mdogo mdogo na kuupeleka kwenye filtri. Filtri ni kama chujio letu la chai: ikijaa, haichuji tena. Na mafuta ni kama yale ya kukaangia: ukiyarudisha motoni mara nyingi, yanachoka.

Rangi nyeusi peke yake si alama ya ubaya. Mafuta mazuri yanageuka meusi kwa sababu yanashika uchafu. Mambo mawili ndiyo ya kufuata: kiasi kilichomo, na kilometa yaliyotembea. Sisi tumeamua kufanya vidanje kila kilometa 5 000, kwa sababu ya vumbi letu jekundu la kiangazi na safari fupi fupi za kusimama na kuondoka.

Namna tulivyofanya

Motokari ilisimama majuma mawili, mpaka zamu ya likelemba ikamfikia mama huyu na mafuta yakanunuliwa. Tulinunua chupa ambazo kizibo hakijafunguliwa bado, si mafuta ya kupimwa kutoka pipa, yenye alama 5W-30. Namba ya kwanza yenye herufi W inaonyesha namna mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake moteri ikiwa na joto. Tulitayarisha pia filtri mpya, pete mpya ya kizibo cha chini, ufunguo wa 14, beseni la zamani, vipande vya vitenge vikuukuu, mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi, na chupa ya maji iliyokatwa kitako ili itusaidie kumiminia.

Kijana wetu alikuwapo, lakini Mama Prezida alimwambia: “Mwanangu, leo mikono yako ibaki mfukoni. Utasema kwa kinywa tu.”

Tuliwasha moteri dakika tano ili mafuta yalainike, tukaizima na kungoja kidogo, kwa sababu mafuta ya moto sana yanaunguza. Motokari ilisimama sawasawa juu ya shimo, breki ya mkono imevutwa, matofali mbele na nyuma ya magurudumu. Mama usiye na shimo, tafadhali sikia: usiingie hata siku moja chini ya motokari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kubadilisha gurudumu, si ya kulinda maisha yako. Watoto nao wakae mbali.

Mama Mwekahazina ndiye aliyeshuka kwanza. Kizibo cha chini kinafunguliwa kwa kuzungusha upande wa kushoto, ukikitazama uso kwa uso. Kilipotoka, mafuta yaliruka mbele kuliko tulivyodhani, na nusu kikombe ikapita kando ya beseni. Tuliacha yadondoke mpaka mwisho. Filtri ilikataa mkono wa kila mmoja wetu. Tukaizungushia mkanda wa suruali wa ngozi, tukavuta, ikalegea.

Kizibo kilirudishwa na pete mpya. Hapo kijana alisema: “Mama, usikaze kwa nguvu za kusonga bukari.” Ukikaza kupita kiasi unaharibu uzi wa chuma, na kuutengeneza ni ghali. Filtri mpya tulipaka mafuta safi kwenye mpira wake, tukaikaza kwa mkono tu: ikigusa, unaongeza kidogo chini ya mzunguko mmoja.

Moteri ya motokari hii, inayoitwa 1NZ, inachukua lita 3,7 pamoja na filtri. Hatukumimina zote mara moja. Tulitia lita 3, tukapima kwa kijiti, tukaongeza kidogo kidogo. Kijiti kina alama mbili; mafuta yanapaswa kuwa kati yake, karibu na ya juu, lakini yasiipite. Kuzidisha nako kunaharibu.

Kosa letu

Tukawasha. Taa nyekundu ikazima baada ya nafasi fupi, tukapiga vigelegele. Hatukumaliza. Mama Mwekahazina alipaza sauti kutoka shimoni: “Zimeni! Zimeni!” Mafuta mapya, yale ya feza ya likelemba, yalikuwa yanamwagika kando ya filtri.

Tukaifungua tena. Kumbe mpira wa filtri ya zamani ulikuwa umebaki umenata juu ya moteri, na sisi tukaweka mpira mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Kijana akakubali kwamba hata yeye hakutazama. Tulipoteza karibu lita moja, na ilibidi mmoja wetu akimbie kununua nyingine. Kwa hiyo andikeni hili: filtri ya zamani ikitoka, tazama kama mpira wake umetoka nayo, kisha pangusa mahali pake kwa kitambaa safi.

Mara ya pili hakuna tone lililodondoka. Tulingoja dakika tano, tukapima tena, tukaongeza kidogo.

Mafuta machafu yaende wapi

Katika lupango nyingi za mji huu tunakunywa maji ya kisima. Mafuta unayomwaga nyuma ya nyumba au ndani ya mfereji yanashuka na mvua, na yanaweza kufika kwenye maji hayo. Tuliyamimina katika bidoni, tukaandika kwa herufi kubwa MAFUTA MACHAFU, SI YA KULA, kwa sababu bidoni ya njano inafanana na ile ya jikoni. Tuliipeleka kwa karakana inayoyakusanya. Msiwashe nayo mbabula, moshi wake ni sumu. Msipake watoto wenye upele, hata kama jirani anasema yanaponyesha. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula.

Tulichokipata

Kwa hesabu ya Mama Mwekahazina, baada ya kosa letu tuliokoa feza kidogo sana. Hiyo si faida kubwa. Faida ni kwamba sasa mama sita wanajua kusoma kijiti. Si lazima kila mama aingie shimoni. Unaweza kuendelea kwenda garaje. Lakini piga alama juu ya filtri ya zamani kabla ya kwenda, simama karibu wakati wa kazi, omba uone filtri iliyotoka, na upime mwenyewe kabla ya kulipa. Fundi wa haki hatakasirika. Na kila juma, asubuhi moteri ikiwa baridi, fungua kapo, vuta kijiti. Ni dakika mbili.

Kabla hatujaondoka, mama mjane alishuka shimoni peke yake na kalamu nyeupe. Aliandika tarehe na 151 420 juu ya filtri mpya. Filtri ya zamani aliipangusa vizuri, akaiweka ndani ya nyumba.

Siku ya posho ijayo, baada ya likelemba, tutafundisha kupima mafuta na maji ya radiatere. Mama asiye na motokari naye aje. Kesho atapanda ya mwingine, na jicho lake linaweza kuona taa kabla ya shofa. Vaeni vya kazi.