Mwaka wa Mtunya ni Mwaka Gani?

Mtu anayekusanya historia ya familia yake huko Ugogo, katikati ya Tanzania, anaweza kuambiwa na mzee: "Mama yangu alizaliwa wakati wa Mtunya." Hakuna tarehe wala cheti. Hata hivyo, maneno hayo machache yamebeba habari nyingi kwa anayejua namna ya kuyasoma.

Tuanze na istilahi mbili. Nasaba ni mfuatano wa vizazi: nani alimzaa nani. Muktadha wa kihistoria ni hali iliyowazunguka watu hao katika wakati na mahali pao: utawala, kodi, vita, mvua, magonjwa.

Mtunya ilikuwa njaa iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na haikuletwa na ukame peke yake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za wenyeji ili kulisha majeshi yao. Waingereza, walioingia Dodoma Julai 1916, nao walichukua mifugo na chakula, tena wakawakusanya wanaume kwa maelfu wawe wapagazi wa vita. Mashamba yakakosa watu wa kulima. Mvua zilipokuja kukosekana, maghala na mazizi yalikuwa yamekwisha kuwa matupu. Homa ya mafua ya mwaka 1918 nayo ikawakuta watu wamedhoofika.

Sasa turudi kwa mzee. Jambo la kwanza tunalopata ni makadirio ya kuzaliwa: miaka minne hivi, badala ya karne nzima. La pili, na naliona kubwa zaidi, ni maswali. Baba wa mtoto huyo alikuwa wapi? Ikiwa familia husema tu kwamba "alipotea", upagazi ni jambo la kuulizia. Mtoto alilelewa na nani? Njaa huhamisha watu na kuwatawanya watoto katika kaya za wengine; kwa hiyo familia ikidai undugu na watu wa mbali ambao hawamo katika nasaba, tusiharakishe kusema mzee amechanganya mambo.

Lakini tukio kubwa lina tabia ya kuvuta kumbukumbu zilizo jirani nalo. Aliyezaliwa mwaka 1922 anaweza kuhesabiwa kuwa mtoto wa Mtunya kwa sababu jina hilo halisahauliki. Njia ya kupima hilo ni kulinganisha. Tuseme daftari la ubatizo la kanisa linaonyesha kwamba mama wa mzee wetu alibatizisha mtoto wake wa kwanza mwaka 1931. Kama alizaliwa wakati wa Mtunya, angekuwa na umri wa miaka kati ya kumi na mmoja na kumi na minne tu. Hapo kuna kasoro mahali fulani: pengine alizaliwa kabla ya njaa, au daftari linamtaja mwanamke mwingine mwenye jina kama lake.

Mahali napo panahitaji tahadhari. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu wengi katika vijiji vipya, wakayaacha makaburi ya wazee kwenye mahame. Kijiji kinachoandikwa leo kama asili ya familia huenda hakikuwapo bibi alipozaliwa.

Kutokana na haya, naona muktadha hauthibitishi lolote kuhusu mtu mmoja. Kuchukuliwa kwa maelfu ya wapagazi si ushahidi kwamba babu yako alikuwa mmoja wao. Muktadha hupunguza majibu yanayowezekana na kunoa swali. Ndiyo maana mzee asikilizwe kwanza, kabla hatujamtajia vita wala upagazi, maana tukitangulia kumtajia atatujibu kwa maneno yetu wenyewe. Kisha tusome historia, halafu turudi kwake. Na katika daftari letu aliyoyasema yakae upande wake, tunayoyakisia upande wake: "Mzee: babu hakurudi. Kisio langu: upagazi, 1916 au 1917. Bado kuthibitishwa."