Maumivu ya muundi hayatibiwi kwa tembe na kukimbia

MKIMBIAJI anayejiandaa kwa mbio ndefu kupita marathon ana maadui wengi, lakini aliye mbaya kuliko wote ni kalenda. Ada ya kushiriki ameshalipa, nauli ameitafuta kwa shida, jamaa na majirani wameshaambiwa. Kisha, wiki kumi au kumi na mbili kabla ya siku yenyewe, mguu unaanza kuuma. Hapo ndipo wengi hufanya jambo linalowagharimu si mashindano ya mwaka huo peke yake, bali pengine mguu wenyewe, na wakati mwingine figo.

Hapa Kisii jambo hilo lina njia yake inayojulikana. Mtu hupita Daraja Mbili akitoka kazini, huingia katika duka la dawa na kumwambia muuzaji: "Daktari, nipe kitu cha mguu." Kwa shilingi chache hutoka na tembe za diklofenaki au ibuprofeni zilizofungwa katika karatasi. Alfajiri inayofuata anakimbia kilomita ishirini bila kuhisi chochote, naye hujiona amepona. Hajapona. Amezima kengele tu, na moto ungali unawaka.

Mbio za masafa haya si jambo geni tena kwa Wakenya. Mwaka 2018 Mkenya Justin Kemboi Chesire alishinda mbio za Two Oceans za kilomita 56 mjini Cape Town. Zile za Comrades, zilizoanza mwaka 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg, huwa kati ya kilomita 85 na 90 kutegemea njia ya mwaka huo. Ni kama robo tatu ya safari ya matatu kutoka Kisii hadi Kisumu, na wenye kukawia hupewa saa 12 tu kuimaliza kwa miguu.

Wala eneo hili si geni kwa riadha. Naftali Temu, aliyesomea Nyamira, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Yobes Ondieki, naye wa huku, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, mjini Oslo, Julai 1993. Watu hupenda kusema ni vilima vilivyowalea. Huenda ni kweli, lakini vilima hivyo hivyo ndivyo vinavyowajaza wakimbiaji wa leo katika foleni za tiba ya viungo.

MTEREMKO NDIO UNAOUMIZA

Wengi hudhani mlima huumiza wakati wa kuupanda, kwa sababu ndipo mtu anapotweta. Kwa moyo na mapafu ni kweli. Kwa mifupa ni kinyume. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Gottschall na Kram, walipima nguvu ya kisigino kinapogonga chini. Katika mteremko wa nyuzi 9, kishindo kilizidi kile cha uwanja tambarare kwa asilimia 54. Katika kupanda mwinamo huo huo, kishindo kilikaribia kutoweka.

Zaidi ya hapo, mtu anaposhuka misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hurefuka huku ikivuta. Hiyo ndiyo kazi inayoichana zaidi na kuiacha na maumivu siku ya pili. Misuli ikichoka huacha kuulinda mfupa, na kishindo chote huangukia muundi. Katika mji wa vilima kama Kisii, ambako barabara tambarare ya kilomita mbili mfululizo ni ya kutafutwa kwa tochi, mkimbiaji huongeza kilomita za mteremko bila kuzihesabu, akizidhania ni mapumziko.

KIDOLE AU KIGANJA?

Maumivu ya muundi ni ya namna mbili, na mtu anaweza kuanza kuyatofautisha akiwa nyumbani. Keti, kisha ubonyeze polepole upande wa ndani wa muundi kutoka juu hadi kifundo. Ikiwa sehemu inayouma ni ndefu kama kiganja, maumivu yametandaa, na yanapungua mwili ukishapata joto, aghalabu ni utando wa mfupa uliochokozwa. Hali hiyo hutulia mtu akipunguza mbio kwa wiki chache. Lakini ikiwa unaweza kuweka ncha ya kidole kimoja mahali panapouma na kusema "ni hapa", na ikiwa maumivu yanazidi kadiri unavyokimbia, au yanakusumbua hata ukiwa umelala, chukulia kwamba mfupa una ufa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ufa wa namna hii hautokani na kuanguka. Mfupa ni kitu hai: kila siku sehemu yake huvunjwavunjwa na kujengwa upya. Mazoezi yakizidi kasi ya ujenzi, nyufa ndogo hukusanyika, kama waya unaopindwa na kunyooshwa mahali pamoja mara elfu.

Ni muhimu kufahamu kwamba picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa huu katika wiki mbili au tatu za kwanza. Wengi huambiwa "picha ni safi", wakaenda zao kukimbia. Kipimo cha MRI ndicho kinachouona mapema, ila bei yake si ya kila mfuko. Asiyeweza kukimudu na aache kukimbia, kisha arudie eksirei baada ya wiki tatu. Hiyo haina gharama kubwa, ila ya subira.

Kuna maumivu matatu yasiyofaa kungojewa hata wiki moja. La kwanza ni maumivu ya kinena au ndani ya nyonga unapokanyaga. Huenda ni ufa katika shingo ya mfupa wa paja, na ukikatika kabisa ni upasuaji, na pengine kilema. Mwenye dalili hiyo asiruke kwa mguu mmoja kujipima. Aache kuukanyagia na afike hospitali siku hiyo hiyo, iwe ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au nyingine iliyo karibu. La pili ni maumivu ya nukta moja mbele ya muundi, katikati. La tatu, juu ya unyayo karibu na kifundo. Mahali hapo pawili hupona kwa taabu kwa sababu ya mvutano au uhaba wa damu.

Na ukandaji je? Wagusii hawakuanza jana kutibu mifupa. Ababari, matabibu wao wa jadi, walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa baada ya kujeruhiwa, na madaktari wa kigeni walifika kuandika habari zao kwa mshangao. Kwa hiyo simdharau mtu anayesema babu yake alijua mifupa. Lakini kukanda kwa nguvu juu ya mfupa wenye ufa ni kuuchokoza mahali unapojaribu kujiunga. Misuli ya shavu la mguu ikandwe, muundi uachwe.

TEMBE NA FIGO

Turudi kwenye ile karatasi ya tembe. Mtu akikimbia saa nyingi, damu hukimbilia kwenye misuli na ngozi, na maji hutoka kwa jasho. Figo hubaki na mgao mdogo. Ili zisikose kabisa, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ambazo huweka wazi mishipa ya damu ya figo. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya kazi kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Maumivu hupungua, na mgao wa figo nao hupungua.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji 89 wa mbio za kilomita 80 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa ibuprofeni, wengine tembe zisizo na dawa. Figo zilionyesha dalili za kuumia kwa asilimia 52 ya waliopewa dawa, na asilimia 34 ya wasiopewa. Idadi hiyo ya watu ni ndogo, na figo za wengi katika hali hii hurejea sawa. Hata hivyo, tazama takwimu ya pili: hata bila dawa, mmoja kati ya watatu aliumia kidogo. Mbio zenyewe ni mzigo tosha.

Sindano ya diklofenaki ambayo wengine huidai ili "ifanye haraka" ni dawa ile ile, na figo hazijali imeingilia wapi. Parasetamoli haina madhara hayo kwa figo kwa kiwango hicho, lakini isizidi tembe nane za miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima, nayo pia haifai kumezwa ili mtu apate kukimbia juu ya jeraha. Baada ya mbio ndefu, mkojo ukitoka na rangi ya soda ya kola, au usipotoka kabisa, hilo ni jambo la hospitali, si la duka la dawa.

WIKI ZA KUNGOJA

Ufa wa upande wa ndani wa muundi kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane bila kukimbia. Kutembea kunaruhusiwa ikiwa hakuumi. Kukiuma, tumia magongo. Linalowatesa wakimbiaji ni hofu ya kupoteza pumzi waliyoijenga kwa miezi. Baiskeli husaidia, na kuogelea pia kwa aliye na bwawa karibu. Mguu ukishaweza kutembea bila maumivu, vilima vyetu vinatoa dawa ya bei nafuu: panda kilima kwa kutembea haraka, kisha ushuke kwa bodaboda. Majirani watacheka. Moyo utafanya kazi karibu sawa na wa mkimbiaji, na muundi utaepushwa na mteremko.

Kurudi kuwe kwa hatua. Ukiweza kutembea nusu saa kwa siku kadhaa mfululizo bila maumivu, anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea nne, siku moja ndiyo siku moja siyo. Maumivu yakirudi pale pale penye nukta, rudi nyuma. Wengi huongozwa na kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki. Utafiti wa mwaka 2025 uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 ulionyesha kwamba cha kuangaliwa zaidi ni mbio moja moja: hatari hupanda pale siku moja inapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Yule anayekosa mazoezi wiki nzima kisha "kulipa deni" Jumapili moja ndiye anayelengwa hapo.

Si kila jeraha hupenda kupumzishwa. Kano ya kisigino ikiuma na kukakamaa asubuhi, kulala tu hakuiponyi. Daktari Alfredson wa Sweden alionyesha mwaka 1998 kwamba hupata nafuu kwa mazoezi: simama kwenye ukingo wa ngazi, ushushe kisigino polepole chini ya ukingo, mara 15 kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki 12.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Ugali wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi, na chinsaga, maziwa na omena wanaoliwa na mifupa yao huongeza. Mfupa haujengwi na mtu anayekimbia kilomita 100 kwa wiki kwa chai ya rangi na mkate. Kwa wanawake kuna ishara ya wazi: hedhi ikikatika kwa miezi mitatu, mwili unasema chakula hakitoshi na mifupa inadhoofika. Wako makocha wanaoiona hali hiyo kuwa alama ya mazoezi kukolea. Sivyo, na msichana huyo apelekwe kwa daktari.

Viatu vya mtumba kutoka sokoni si kosa, mradi uvitazame. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kikiinamia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishakimaliza.

Mifano ya subira si ya kutafutwa mbali. David Rudisha, jirani yetu wa Kilgoris, aliumia goti mwaka 2013, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow na kukaa nje takriban mwaka mzima. Alitwaa dhahabu Beijing mwaka 2015 na Rio mwaka 2016. Si wote wenye bahati hiyo: Mary Keitany, mshindi mara nne wa New York, alistaafu Septemba 2021 kwa sababu ya jeraha la mgongo.

Kwa mwenye ada iliyolipwa, hesabu ni hii. Toa wiki nane za mfupa kuunga, na sita za kukimbia na kutembea kwa zamu. Ongeza zisizopungua sita za kuurefusha mwendo kabla ya kuthubutu kilomita 50 na zaidi. Hizo ni wiki 20. Jeraha likija kabla ya hapo, safari bado ipo. Likija zikiwa zimebaki kumi, waandikie waandaaji mapema uulize kama nafasi yako yaweza kusogezwa hadi mwaka ujao; wakikataa, ada hiyo ihesabu kuwa imekwenda.