Mvinyo mwekundu wa Madiran na moyo wako

MIJINI kuna watu wengi ambao hawagusi bia wala pombe kali, lakini kila jioni hunywa bilauri ya mvinyo mwekundu kwa imani kwamba unalinda moyo. Baadhi yao wana shinikizo la damu na humeza tembe kila siku. Je, imani hii ilitoka wapi?

Ilitoka Ufaransa. Wafaransa hula siagi, jibini na nyama yenye mafuta, lakini wanaokufa kwa maradhi ya moyo ni wachache kuliko Uingereza au Marekani. Mwaka wa 1991 televisheni ya CBS ya Marekani ilitangaza kwamba huenda siri imo katika mvinyo, na Wamarekani wakamiminika madukani. Mwaka uliofuata watafiti Serge Renaud na Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la Lancet kwamba gramu 20 hadi 30 za alkoholi kwa siku huenda zikapunguza hatari hiyo kwa asilimia 40, kwa kuzuia damu kuganda ovyo.

Kisha macho yakaelekea kusini-magharibi mwa nchi hiyo, katika eneo la Gers na majirani zake, kunakotengenezwa mvinyo uitwao Madiran. Huko shamba la kale halikuwa la mizabibu pekee. Mkulima alipanda mahindi, akafuga ng'ombe, bata na bata bukini, na mizabibu ikapewa miteremko yenye mawe. Mvinyo wake ni mchanganyiko. Zabibu iitwayo Tannat ndiyo nyingi; ina ganda nene na tanini kali inayokausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Ndiyo maana huchanganywa na Cabernet Franc, Cabernet Sauvignon au Fer ili kuulainisha, kisha huachwa utulie kwa miaka kadhaa.

Mwaka wa 2006 Profesa Roger Corder wa London na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba mvinyo wa sehemu hizo una prosianidini nyingi kuliko mvinyo mwingine mwingi. Hizi ni kemikali zinazotoka hasa katika mbegu za zabibu, na katika maabara zilizuia kemikali inayobana mishipa ya damu. Isitoshe, Gers ilikuwa na wazee wengi wa kiume kuliko sehemu nyingine za Ufaransa. Habari tamu kweli kwa mwenye kupenda chupa!

Lakini hebu mtazame mzee huyo wa Gers. Ametembea shambani na kuinama mizabibuni maisha yake yote. Hula mboga na maharagwe ya bustani yake, na mvinyo hunywa kidogo mezani pamoja na chakula, si kwenye baa hadi usiku wa manane. Nani atakayeapa kwamba ni bilauri iliyomfikisha miaka 90? Hata Wafaransa wenyewe wamepunguza mvinyo kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1960, na vifo vya moyo havikuongezeka.

Kuna dosari nyingine. Katika uchunguzi mwingi wa zamani, kundi la wasiokunywa lilijumuisha watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa. Bila shaka wanywaji wa kiasi walionekana wazima kuliko wao. Mwaka wa 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa China, ukitumia tofauti za urithi katika jinsi mwili unavyostahimili pombe, ulionyesha kwamba hata unywaji wa kiasi haukinge dhidi ya kiharusi. Pombe ilipandisha shinikizo la damu.

Nayo saratani haichagui rangi ya kinywaji. Pombe husababisha saratani ya koo, umio, ini na ya matiti, na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango ambacho ni salama kabisa. Huko Ufaransa kwenyewe pombe ilisababisha vifo vipatavyo 41,000 mwaka wa 2015.

Piga hesabu kabla ya kufungua chupa. Chupa ya mililita 750 yenye alkoholi ya asilimia 13 ina takriban gramu 77 za alkoholi. Bilauri ya mililita 150 ina gramu 15, na wengi humimina zaidi ya hapo. Wanaomaliza chupa peke yao wamepita mbali hata kile kiwango cha Renaud.

Ikiwa hunywi, usianze kwa ajili ya moyo. Mwenye shinikizo la damu asibadilishe tembe kwa mvinyo, na anayetumia insulini au tembe za kuteremsha sukari amwulize daktari kwanza, kwani pombe inaweza kushusha sukari ghafla. Mama mjamzito asionje kabisa. Anayetaka prosianidini atazipata pia katika tofaa na katika zabibu zenyewe, mradi azitafune pamoja na mbegu.