Huwezi kula ngano? Pika mkate wako safarini

JE, msomaji, wewe hula nini ukiwa safarini? Wengi wetu husimama kibandani, tukanywa chai kwa mandazi au chapati, kisha tukaendelea na safari. Lakini wapo watu ambao kwao hata kipande kidogo cha chapati ni sumu.

Dada yangu mdogo ni mmoja wao. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na kuhara, tumbo kujaa gesi na upungufu wa damu. Alitibiwa amiba, akatibiwa homa ya matumbo, asipate nafuu. Mimi ni daktari na tulikuwa tukila meza moja, lakini sikutambua kwamba anaugua siliaki.

Ugonjwa huu huletwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mgonjwa anapoila, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza chakula huharibika, naye hudhoofika hata akila vizuri. Inakadiriwa kwamba duniani huwapata karibu mtu 1 kati ya 100. Dkt Willem Dicke wa Uholanzi alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 jinsi ngano inavyowadhuru watoto wenye ugonjwa huu. Hadi leo tiba ni moja tu: kuacha nafaka hizo maisha yote.

Hata hivyo, usiache ngano kabla ya kumwona daktari. Ukiiacha mapema, vipimo vya damu na vya utumbo vinaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa, kumbe unao. Tena kuhara kuna sababu nyingi, na si kila tumbo linalouma ni siliaki.

Mwaka jana tulikwenda matangani karibu na Mayoni, kwenye barabara ya kutoka Mumias kuelekea Bungoma. Tulilala ndani ya gari letu, ambalo tuliling'oa viti vya nyuma tukaweka godoro. Upande huo chakula kinachomfaa mgonjwa ni tele: mahindi, wimbi, mtama, mihogo, viazi vitamu na ndizi. Hatari ni mchanganyiko. Kikaango kilichopikiwa chapati, au mashine iliyotoka kusaga ngano, hutosha kumdhuru. Na matangani, kukataa chakula cha wenyeji huonekana dharau.

Kwa hiyo tulibeba sufuria yetu na unga wa mchele tuliousaga nyumbani, tukapika mkate wa kumimina, ule wa watu wa Pwani. Nawe unaweza. Chukua:

• Unga wa mchele vikombe 2
• Tui la nazi au maziwa vuguvugu, kikombe 1 na nusu
• Sukari nusu kikombe
• Hamira kijiko kidogo 1
• Hiliki kidogo
• Ute wa yai 1

Changanya vyote isipokuwa ute, ukoroge hadi upate uji mzito. Funika kwa muda wa saa moja uumuke. Piga ute hadi utoe povu, uuchanganye polepole. Unga wa ngano hushika hewa kwa sababu ya gluteni. Hapa povu la yai husaidia kazi hiyo. Ndiyo sababu mkate huu haukandwi, bali humiminwa. Pasha sufuria iliyopakwa mafuta, umimine, ufunike. Weka makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa hivi, choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva.

Onyo: jiko la makaa lisiingie garini kamwe, hata mvua ikinyesha, hata makaa yakionekana kufifia. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Pikia nje, na jiko lilale nje.

Asubuhi chai ilipoandaliwa, dada yangu alikata mkate wake. Shangazi yetu alionja, akaomba kipande cha pili. Msomaji, ikiwa daktari amekukataza ngano, usione haya kubeba unga wako. Wenyeji wakielezwa, huelewa.