Istilahi za Mashambulizi ya Mitandao ya Vyuo Vikuu

Mwanafunzi wa Sikonge aombaye nafasi katika chuo kikuu kilichoko Dar es Salaam hutuma maombi yake kwa mtandao wa kompyuta. Mtandao huo ukishambuliwa, tangazo la chuo ndilo litakalomwongoza. Hapana budi, basi, mfasiri wa tangazo hilo atofautishe mambo matatu ambayo siku hizi yote huitwa "kudukua".

(a) Kudukua. Neno hili lina maana ya kupenya na kuchungulia kwa siri. Asomaye kwamba chuo "kimedukuliwa" ataelewa kuwa huenda habari zake zimeonekana, na itampasa abadili nywila yake.

(b) Kuziba huduma. Hapa mshambuliaji haingii ndani, bali huuelemea mtandao kwa maombi mengi mno hata wenye haja wakose nafasi. Hivyo ndivyo ulivyozongwa mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, eCitizen, mwezi Julai 2023. Dhana hii si ngeni Tabora. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Henry Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini, upande uliko Sikonge. Kilichozuiwa kilikuwa njia. Kadhalika, huduma ikizibwa, mwombaji hutakiwa kungoja tu.

(c) Kuteka data. Mshambuliaji huzifunga data kwa msimbo, kisha hudai malipo ndipo azifungue. Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilitekwa hivyo, kikalipa bitcoini 30.

Malipo hayo tuyaiteje? "Hongo" ilikuwa ushuru uliotozwa misafara na watawala wa njiani. Leo ni rushwa, na mpokeaji wake huwa na mamlaka fulani. Mtekaji hana mamlaka yoyote. "Fidia" huweza kuwa na maana ya kukomboa, lakini katika sheria hulipwa na aliyemdhuru mwenziwe. Kuitumia hapa ni kumgeuza aliyedhulumiwa kuwa mkosaji. Twapendekeza "kikombozi", kwani hutaja wazi kwamba kuna kitu kilichotekwa.

Aina ya shambulio isipojulikana bado, yafaa kuandika "shambulio la mtandao" tu, sambamba na jina la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kukisia istilahi ni kumpa msomaji shauri lisilo lake.